Spesa za magurudumu: kiungo kilichojificha nyuma ya rimu

Gurudumu lililofungwa kama lilivyotoka kiwandani limeshikana na gari sehemu moja tu: uso wa rimu umelala juu ya uso wa habu (kitovu kinachozunguka mwishoni mwa ekseli), nati zimebana. Ukiweka spesa katikati, yaani bamba la chuma la kulisogeza gurudumu nje, sehemu za kushikana zinakuwa mbili, na moja inafichwa na rimu yenyewe. Huioni unapozunguka gari asubuhi, wala fundi wa tairi haioni anapokukazia nati. Kwa wenye magari ya 4x4 yanayopita kwenye mawe, matope na mchanga, hapo ndipo penye kisa kizima cha usalama wa spesa.

Ndiyo maana mabishano juu yake hayaishi. Mmoja anaapa kwamba ametembea nazo miaka bila tatizo, mwingine anasimulia gurudumu lililochomoka na kutokomea kichakani. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Spesa ni kipande cha chuma tu, kinachowatofautisha ni jinsi kilivyochaguliwa, kilivyofungwa na kinavyoangaliwa baadaye.

Watu huweka spesa kwa sababu kadhaa. Tairi pana zaidi inaweza kugusa springi au mkono wa saspensheni usukani ukikatwa hadi mwisho, nayo spesa huisogeza nje ikapata nafasi. Wengine wanataka kutumia rimu za gari jingine zinazokaa ndani kupita kiasi. Wapo wanaohitaji nafasi ya minyororo ya tairi kwenye theluji au tope zito. Na wengi, tena wengi sana, wanataka gari lisimame kwa miguu mipana ili lisipinduke kwenye mteremko wa ubavu.

Hii ya mwisho inafaa kupigiwa hesabu, maana faida yake hutiwa chumvi. Chukua gari lenye upana wa milimita 1500 kati ya katikati ya tairi la kushoto na la kulia, na kitovu cha uzito kilicho milimita 700 juu ya ardhi. Likiwa gumu kabisa, bila springi kulala wala tairi kubonyea, lingepinduka kwenye mteremko wa ubavu wa nyuzi karibu 47. Weka spesa za milimita 30 kila upande: upana unakuwa 1560, nayo pembe inafika nyuzi 48. Umepata nyuzi moja. Sasa chukua gari lile lile, ulinyanyue mpaka kitovu cha uzito kipande milimita 50. Pembe inashuka hadi nyuzi 45, na spesa zile zile zinairudisha hadi 46 na kidogo. Zimerudisha nusu ya kilichopotea. Gari halisi hupinduka mapema kuliko hapo, lakini uwiano unabaki huo. Kama unanunua spesa kwa ajili ya uthabiti peke yake, jua unanunua nyuzi moja.

Jambo jingine linalochanganya watu ni uhusiano wa spesa na ofseti. Ofseti ni umbali kutoka mstari wa katikati wa rimu hadi uso unaogusa habu. Rimu ya ofseti +30 ikiwekewa spesa ya milimita 30 inakaa sawasawa na rimu ya ofseti 0. Kwa beringi, usukani na madigadi hakuna tofauti, njia zote mbili zimelisogeza gurudumu nje kiasi kilekile. Kwa hiyo lawama kwamba spesa huua beringi ni ya kweli nusu tu. Gurudumu lililobeba kilo 600, likisogezwa nje milimita 30, linaongeza mkunjo wa Nm (nyutoni-mita) 177 hivi kwenye beringi muda wote, hata gari likiwa limesimama. Rimu ya ofseti ndogo ingefanya vivyo hivyo. Ila rimu haileti kiungo cha pili, na ndiyo sababu ninaamini kwamba mtu anayeweza kupata rimu yenye ofseti sahihi aanze na hiyo kabla ya kufikiria spesa.

Kinacholishika gurudumu

Wengi hudhani gari linaning'inia kwenye stadi, zile bolti zilizochomoza kwenye habu, kwamba stadi ndizo zinazobeba uzito kwa kukatiza matundu ya rimu. Sivyo. Nati ikikazwa, stadi inavutika kidogo kama springi ngumu sana, na mvuto huo unabana rimu dhidi ya habu. Msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba gari, breki na mateke ya mawe. Kazi ya stadi ni kubana tu.

Nguvu ya mbano huo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kwa makadirio ya kawaida ya uhandisi, nati iliyokazwa kwa Nm 100 kwenye stadi kavu ya milimita 12 huzaa mbano wa tani 4 hivi. Suzuki Jimny, ambayo nati zake hukazwa kwa Nm 100, ina stadi tano kwa kila gurudumu: mbano wa zaidi ya tani 20, kwenye gari la milango mitatu lenye uzito wa tani 1.1 tu. Hata msuguano ukiwa hafifu, nyuso hizo zinaweza kuhimili kama tani 3 za kuteleza kabla hazijasogea. Mbano ukiwepo, gurudumu halina pa kwenda.

Lakini mbano huo wote unatokana na mvutiko mdogo mno. Stadi ya milimita 12 ikiwa imebana bamba lenye unene wa milimita 15, huwa imerefuka kwa sehemu tatu hadi nne tu za mia za milimita. Unywele wa mtu kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Sasa fikiria tabaka la rangi, kutu au tope kavu lililoachwa kati ya spesa na habu. Tabaka hilo likisagika na kutoka baada ya kilomita chache, unene wake unaweza kuwa sawa na mvutiko wote wa stadi. Nati haijalegea hata nusu duara, wala hakuna aliyeigusa, lakini mbano umekwisha.

Mbano ukiisha, nyuso zinaanza kusuguana. Stadi ambayo haikuundwa kupindwa inapindwa huku na huku kila gurudumu linapozunguka, mamia ya mara kwa kila kilomita. Chuma kinachoka, ufa unaanza kwenye mzizi wa meno, stadi ya kwanza inakatika. Mzigo wake unahamia kwa jirani zake nazo zinafuata, kila moja haraka kuliko iliyotangulia. Ndiyo maana magurudumu haya hutoka ghafla hata kwa dereva aliyekuwa amesikia mtikisiko mdogo tu jana yake.

Ukishaelewa hilo, kila agizo la ufungaji linajieleza lenyewe.

Spesa ipi

Spesa ziko za aina mbili. Ya kwanza ni bamba lenye matundu tu, linalovishwa kwenye stadi za gari, kisha rimu inafuata na nati zilezile zinabana vyote. Ubaya wake ni kwamba kila milimita ya bamba inakula milimita ya meno ambayo nati ingeyashika. Kanuni ya kufuata ni kwamba nati ishike urefu usiopungua unene wa stadi. Kwa stadi ya M12x1.5 (unene milimita 12, jino hadi jino milimita 1.5) hiyo ni mizunguko 8 kamili kuanzia meno yaliposhikana, kwa M12x1.25 ni karibu 10, kwa M14x1.5 ni zaidi ya 9. Ihesabu ukiizungusha nati kwa vidole, bila spana. Ikipungua, ama stadi ndefu zibadilishwe ama spesa iachwe. Kwa gari la njia mbovu, bamba la namna hii lenye unene unaozidi milimita chache silikubali hata kidogo.

Ya pili ina stadi zake yenyewe. Inafungwa kwenye habu kwa nati zilizozama ndani ya spesa, kisha rimu inafungwa kwenye stadi za spesa. Hii ndiyo inayofaa kwa kazi ngumu, na mara nyingi huanzia unene wa milimita 25 hivi, kwa sababu chini ya hapo nyama ya chuma chini ya nati inakuwa nyembamba mno. Tafuta alumini ya daraja la 6061-T6 au 7075-T6, stadi za daraja la 10.9, na mtengenezaji anayeandika vipimo vyake vyote pamoja na nguvu ya kukaza. Spesa isiyosema imetengenezwa kwa chuma gani isikaribie gari lako.

Kisha vipimo. Kufanana kwa idadi ya stadi na kipenyo cha duara zilimopangwa hakutoshi. Toyota Hilux ya 4x4 na Mitsubishi Pajero zote zina stadi sita kwenye duara la milimita 139.7, na spesa ya Hilux itaingia kwenye Pajero bila ubishi. Ila tundu la katikati la Hilux ni milimita 106, wakati la Pajero ni 67. Spesa ya Hilux kwenye Pajero ingeelea bila kushikwa na mdomo wa habu, ule uduara unaochomoza katikati yake, ikitegemea stadi peke yake kuiweka katikati, nalo gurudumu likaanza kutikisika kwenye mwendo. Spesa inatakiwa iukumbatie mdomo wa habu upande wa ndani, na iwe na mdomo wake wa nje wa kuipokea rimu.

Meno nayo yana mtego wake. Stadi za Hilux ni M12x1.5, za Jimny na Nissan Patrol Y61 ni M12x1.25, za Land Cruiser 200 ni M14x1.5 kwenye duara la stadi tano la milimita 150. Nati ya 1.5 hukubali kuingia mizunguko miwili ya mwanzo kwenye stadi ya 1.25, na hapo ndipo mtu asiye na subira huchukua mashine ya upepo akayala meno yote. Angalia pia kiti cha nati: kama matundu ya spesa yamechongwa kwa mteremko wa koni ya nyuzi 60, nati nayo iwe ya koni hiyo. Nati ya duara au bapa kwenye kiti cha koni inagusa ukingo mwembamba tu, na ukingo huo utabonyea.

Kipimo kinachosahaulika zaidi ni urefu wa stadi za gari zinavyochomoza. Spesa ikiwa nyembamba kuliko urefu huo, ncha za stadi zitatokeza mbele ya uso wake. Rimu nyingi za alumini zina vishimo nyuma vya kuzimeza ncha hizo. Rimu za chuma kwa kawaida hazina. Ukikaza rimu bapa juu ya ncha zilizotokeza, nati zitaonekana zimekaza kweli, spana itatoa mlio wake, na kumbe rimu imekalia ncha za stadi badala ya uso wa spesa. Weka rula juu ya uso wa spesa iliyofungwa: kisiwepo chochote kinachoinyanyua. Wapo wanaozikata stadi za gari ili zitoshe. Afadhali ununue spesa nene zaidi, kwa sababu siku ukizitoa spesa hizo gari litabaki na stadi fupi.

Kufunga

Fanya kazi kwenye sakafu ngumu na tambarare, breki ya mkono imevutwa, vizuizi vimewekwa kwenye magurudumu yanayobaki chini. Legeza nati kabla ya kunyanyua, kisha jeki, kisha stendi imara chini ya ekseli au chesesi. Jeki peke yake isiachiwe gari ambalo mkono wako uko chini yake.

Gurudumu likishatoka, tafuta vibati vyembamba vya duara vilivyovishwa kwenye stadi kiwandani kushikilia diski au dramu, na uviondoe. Vikibaki, spesa haitalala sawa. Skrubu inayoshikilia diski isitokeze juu ya uso. Kisha safisha, na hapa usiwe na haraka: brashi ya waya na sandpepa mpaka uso wote wa habu uonekane chuma kitupu, pamoja na kona ile kati ya uso na mdomo ambako kutu hujikusanya. Fanya hivyo hivyo kwa mgongo wa rimu, ukikwangua rangi yoyote nene iliyopakwa baadaye. Kumbuka zile sehemu tatu za mia.

Vaa spesa kwa mkono, bila nati, uibonyeze ukiizungusha kidogo. Inatakiwa ilale bila kucheza upande wowote. Ikicheza, mara nyingi kosa ni kwamba kona ya ndani ya tundu lake haikuchongwa mteremko wa kutosha kupisha kona ya habu. Kwenye magari yenye habu za mbele za kufunga kwa mkono, hakikisha spesa inapita juu ya habu hiyo na kwamba tundu la rimu nalo linaipisha.

Meno yawe safi na makavu. Mafuta au grisi hupunguza msuguano wa meno, na Nm zilezile zinazaa mbano mkubwa zaidi, kwa hiyo unaweza kuivuta stadi kupita kikomo chake huku spana ikikuambia uko sawa. Grisi kidogo kwenye mdomo wa habu inaruhusiwa ili spesa isigande kwa kutu, lakini isifike kwenye uso unaobanwa. Gundi ya kuzuia nati kulegea ina mabishano yake. Baadhi ya watengenezaji wa spesa huiagiza kwenye nati za ndani, wengine huikataza, na wote wanajua stadi na nati zao. Mfuate mtengenezaji wa spesa uliyonunua. Akiiruhusu, iwe ya nguvu ya kati inayofunguka kwa spana ya kawaida. Wala gundi hairudishi mbano uliopotea, inazuia nati isizunguke tu.

Anza nati zote kwa vidole mpaka ziguse. Kaza kwa kupishana, kila nati ikifuatwa na iliyo mkabala nayo, kwanza hadi nusu ya kipimo, kisha hadi kipimo kamili, kwa spana inayopima nguvu. Kipimo cha nati za ndani ni cha mtengenezaji wa spesa, cha nati za nje ni cha gari na rimu. Land Cruiser 200, kwa mfano, inataka Nm 131 kwa rimu za alumini lakini 209 kwa za chuma, na huwezi kuzikisia tofauti hizo kwa mkono. Mashine ya upepo ina nafasi yake wakati wa kufungua. Wakati wa kukaza ibaki ukutani.

Kabla gari halijashuka, zungusha gurudumu kwa mkono uone kama linagusa kalipa au linayumba. Kata usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho. Kisha panda jiwe au rampu kwa gurudumu moja ili saspensheni ijikunje kabisa, uone kama tairi linafika madigadi. Tairi lililotokeza nje hugusa mahali ambapo zamani halikufika, na ni bora ukapajua ukiwa umesimama.

Kurudi kwenye nati za ndani

Baada ya kilomita 50 hadi 100, vua magurudumu yote yenye spesa na ukaze tena nati za ndani. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa nia njema: wanakaza nati za nje, wanazozifikia bila jeki, na kuona wametimiza. Lakini nyuso mpya zinazolaliana ni zile za ndani. Ni huko vinundu vidogo vya chuma vinakobonyea, na alumini, ambayo hupanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, hujikaza breki zikichemka kwenye mteremko mrefu na kulegea kidogo zikipoa. Kupungua kidogo kwa mbano mara ya kwanza ni kawaida. Mara ya pili nati zisisogee kabisa. Zikisogea tena, vua spesa utafute sababu, usikaze na kuondoka.

Chora mstari mwembamba wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye spesa. Kila unapovua gurudumu, kubadilisha nafasi za tairi au kuziba pancha, mstari huo utakuambia kama kuna nati iliyozunguka. Baada ya safari ya mawe mazito, vua uangalie hata kama hakuna kilichokusumbua. Dalili za njiani ni mtikisiko mpya, mlio wa kubofya gari likianza kutembea taratibu, na vumbi jekundu la kutu linalotiririka kutoka kwenye matundu ya nati. Ukiona mojawapo, simama hapo hapo.

Usukani nao utabadilika. Gurudumu likisogea nje, nguvu ya jiwe au shimo inapata mkono mrefu wa kuupiga usukani, na breki zikishika upande mmoja kuliko mwingine gari huvuta zaidi. Usishike usukani kwa kidole gumba kilichopinda ndani kwenye mawe. Spesa ziwekwe mbili mbili kwa kila ekseli, unene uleule, na kamwe spesa moja isiwekwe juu ya nyingine.

Sheria uitafute kabla ya kununua. Kanuni za taifa za Australia za marekebisho ya magari mepesi haziruhusu spesa kati ya habu na rimu isipokuwa zile alizoweka mtengenezaji wa gari. Ujerumani huzikubali zikiwa na hati zake, na gari kukaguliwa panapohitajika. Nchi nyingi nyingine hazisemi neno spesa lakini hukataza tairi kutokeza nje ya madigadi, na bima inaweza kukataa kulipa kwa marekebisho ambayo haikuarifiwa.

Kwenye gari beba spana ile inayopima pamoja na boksi (soketi) ya kufungulia nati za ndani, maana mara nyingi ukubwa wake si sawa na wa nati za nje, na ukuta wa boksi uwe mwembamba wa kuingia kwenye tundu la spesa. Stadi ikikatika njiani, vua spesa kwenye ekseli hiyo pande zote mbili na urudi nyumbani bila hizo ikiwa tairi linapita. Ukifika, badilisha stadi zote za habu ile, hata zinazoonekana nzima, kwa sababu zilibeba mzigo wa mwenzao na huenda ufa umeshaanza ndani yake.